Winchi ya haidroliki au ya umeme kwa gari la shamba Pemba? Wenye uzoefu naomba msaada

#1 karafuu_kavu
Assalaam aleikum wakuu. Nna Land Cruiser HZJ77, injini 1HZ, niko Konde. Kazi yake ni shamba: kupandisha magunia ya karafuu kutoka mabondeni mpaka barabarani, na siku za samaki inateremka pwani na barafu na mashine za boti. Mbele ina winchi (mashine ya kukunja waya na kuvuta gari lililokwama) ya umeme ya paundi 9,500, yaani kilo 4,300 na kitu, waya wa chuma.

Masika haya imenitesa. Inaanza vizuri, halafu inapungua kasi, inalia ta-ta-ta, kimya. Nikiipumzisha nusu saa inavuta tena mita mbili tatu, inazimia. Kila ninayemuuliza ananambia "itupe hiyo, weka ya haidroliki, haichoki." Sasa maswali mawili. Kwa udongo wetu na chumvi yetu, ipi ndiyo? Na hii yangu inakufa kwa nini?

#2 fundi_wa_saateni
Wa aleikum salaam. Haidroliki, wala usiumize kichwa. Winchi ya umeme ya ukubwa huo ikifikia mzigo wake kamili inakula zaidi ya amperi 400. Oltaneta yako ya 1HZ, ile inayochaji betri, inatoa 80. Hizo nyengine zote zinatoka kwenye betri, na mota inapata moto. Ndiyo maana vitabu vyao vyenyewe vinasema vuta kidogo, simama, iache ipoe. Haidroliki inatumia nguvu ya injini kupitia pampu. Injini ikizunguka, winchi inazunguka, asubuhi mpaka magharibi. Yako imeungua mota, basi.

#3 nahodha_wesha
Fundi, na injini ikizima? Haidroliki inageuka chuma cha pambo. Mie nimeona gari limezama pwani jioni, mwezi mpevu, bamvua, yale maji makubwa. Maji ya bamvua huku yanapanda karibu mita 4 kwa saa sita, na zile saa za katikati ndizo yanazokwenda mbio. Maji yakaingia kwenye hewa ya injini, injini kwishnei. Lililoliokoa ni winchi ya umeme na betri iliyobaki juu ya maji, likavutwa kwa vipande vipande mpaka kwenye mchanga mkavu. Lingekuwa na haidroliki lingelala na pweza.

#4 maweni_4x4
Naunga mkono #3 nusu. Mie niko kusini Unguja, nna Jimny na winchi ya umeme ya paundi 6,000. Ile njia ya mikokoni ya kwenda Kisiwa cha Uzi, maji yakijaa ilikuwa haipitiki, na yakitoka yalikuwa yanaacha matope ya chumvi. Winchi imenitoa pale zaidi ya mara moja. Lakini chumvi imenila kwengine: kile kikasha cha rilei, yaani swichi kubwa ya umeme, juu ya winchi. Nilikifungua nikakuta vichwa vya shaba vimeota kijani, na nati moja nimeigusa kwa spana imebaki unga. Mota ilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo karafuu_kavu, kabla hujaitupa, fungua kikasha. Huo ta-ta-ta ni mlio wa rilei inayotaka kushika na haishiki.

#5 mzee_wa_109
Nyote mmesahau ya tatu. Land Rover 109 za zamani na Land Cruiser za zamani, nyengine zilikuja na winchi ya shafti, nguvu inatoka kwenye gia boksi moja kwa moja. Hakuna betri, hakuna oili. Ukizidisha mzigo inakatika pini moja laini iliyowekwa makusudi ikatike, unaweka nyengine unaendelea. Nnayo mpaka leo na inavuta. Vijana mnabishana umeme na oili, hivi vitu vya juzi.

#6 maweni_4x4
Mzee shikamoo. Umeme si wa juzi lakini, kampuni ya Warn ya Marekani ilitoa winchi ya umeme ya magari mwaka 1959. Ila hiyo ya shafti nayo inataka injini iwe hai, kwa hiyo suali la nahodha bado liko pale pale.

#7 mzee_wa_109
Marahaba. 1959 mie nilikuwa chuo cha Kurani, kwangu ni juzi. Injini isizimwe, ndiyo jibu. Usiteremke pwani bila kuangalia mwezi.

#8 bi_mtambile
Samahani naingilia. Mnazungumza winchi inavutaje, hakuna aliyesema inafungwa wapi. Mie nna mikarafuu. Msimu uliopita mtu kafunga waya wa chuma kwenye shina la mkarafuu wangu, bila hata gunia, kavuta lori. Ganda limekatika mviringo mzima. Mti ukishakatwa ganda pande zote umekufa, hata kama majani bado mabichi wiki ile. Mkarafuu hauzai kwa mwaka mmoja, ni miaka ya kungoja. Nawaomba, kabla ya umeme na haidroliki, nunueni mkanda mpana wa kufungia mti, na mfunge mwembe. Mikarafuu muiache.

#9 nahodha_wesha
Bi Mtambile umesema kweli tupu. Na mnazi pia si wa kuamini, mizizi yake mifupi inakwenda pembeni, kwenye udongo uliolowa unakuja mzima mzima juu ya boneti. Pwani pasipo na mti tunazika tairi la akiba: chimba shimo refu kimo cha paja, liingize, fukia, waya utoke kwa chini kama mtaro. Nanga ya mashua yenye makucha nayo hushika kwenye mchanga mgumu, mchanga laini inalima tu.

#10 ngombe_wa_micheweni
Ng'ombe wawili, nira moja, mnyororo. Hawali amperi wala oili. Nyie endeleeni.

#11 fundi_wa_saateni
#10 hao ng'ombe wako walete wavute tani tatu za Land Cruiser kwenye bonde la Makangale mwezi wa nne, nitakununulia majani ya wiki.

Nahodha, injini ikizama winchi ya umeme nayo haina maisha marefu, maji ya chumvi yakiingia kwenye brashi za mota imekwisha siku ile ile au wiki ya pili yake. Mota ya haidroliki inafanya kazi ndani ya maji bila wasiwasi kwa sababu imejaa oili na imezibwa. Kila mmoja ana ugonjwa wake. Lakini huyu bwana kazi yake ni karafuu, si kuzamia.

#12 karafuu_kavu
Nashukuru wote. Nilisema na pwani pia, fundi. Barafu inashuka mpaka Tumbe. Kikasha nitakifungua leo.

#13 waya_mwekundu
Mbona hakuna aliyeuliza jambo la kwanza? HZJ77 ya kutoka Japani ni ya volti 24. Betri mbili mfululizo. Fundi wa Saateni, hiyo oltaneta ya 80 ni ya gari za 12, ya 24 inatoa amperi chache zaidi. Karafuu_kavu, winchi yako ni ya 12 au ya 24? Na imefungwa kwenye betri zote mbili au moja?

#14 karafuu_kavu
Gari ni 24. Winchi imeandikwa 12V DC. Aliyenifungia kaunga kwenye betri moja, ya upande wa kushoto. Kikasha nimekifungua: vichwa viwili vina kijani, si vibaya sana. Betri zote mbili asubuhi zinasoma 12.4 na 12.9.

#15 waya_mwekundu
Basi mgonjwa nimemuona. Ukichota 12 kutoka betri moja ya mfumo wa 24, oltaneta haijui. Inachaji zote mbili kama mnyororo mmoja, ile uliyoinyonya haishibi na ile ya pili inazidishwa mpaka inachemka maji. 12.4 na 12.9, tofauti iko hapo wazi. Angalia maji ya betri ya kulia, nakuhakikishia yamepungua. Na usikubali mtu akuuzie kile kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha redio, hakibebi hata moja ya kumi ya mzigo wa winchi.

Dawa: winchi nyingi zinatengenezwa na mota ya 24 pia, na kwa nguvu ile ile ya 24 inakula nusu ya amperi. Waya hazipati moto, rilei inapumua. Hapo hutaki haidroliki tena.

#16 maweni_4x4
Lakini ngoja. Dalili yake ni kwamba ikipumzika nusu saa inavuta tena. Betri iliyochoka ikipumzika hujirudi kidogo. Mota iliyopata moto ikipoa inavuta. Rilei yenye vichwa vibovu ikipoa inashika. Zote tatu zinatoa dalili moja. Humu kila mtu anatibu ugonjwa anaoujua.

#17 fundi_wa_saateni
Ndiyo maana nasema haidroliki, yote matatu yanaondoka kwa pamoja.

#18 mashine_ya_boti
Fundi kwa heshima zote, haidroliki gani? Zipo mbili na unazichanganya. Ile ya bei nafuu inakopa oili ya pampu ya stelingi. Pampu ile imetengenezwa kugeuza magurudumu, oili yake chache na kitangi chake kidogo. Winchi inakwenda polepole kama kobe, na ukivuta kwa muda mrefu oili inachemka, sili za stelingi zinaanza kuvuja. Jamaa yangu Chake Chake alifungiwa hiyo, stelingi yake ikawa ngumu mkononi na inalia kila anapokata kona. "Haichoki" si kweli kwa hiyo.

Ya pili ina pampu yake inayoendeshwa na gia boksi, tangi lake la oili, na valvu yake. Hiyo ndiyo ya malori ya kuvuta magari mabovu. Hiyo kweli ni ya kutwa. Lakini hesabu mipira, viungo, tangi, na nafasi ya kuweka vyote kwenye HZJ77. Mpira mmoja ukipasuka bondeni Ngezi, oili yote iko chini, na mpira wa kipimo kile huupati Konde.

#19 fundi_wa_saateni
Mpira wa haidroliki unabanwa upya kwenye duka lolote zuri la mipira Unguja. Na ile ya stelingi ikiwekewa kipoza oili inakaa. Nimefunga, naona zinakuja gereji kuoshwa tu.

#20 mashine_ya_boti
Unguja, sawa. Yeye yuko Konde na gari liko bondeni. Boti ya asubuhi kwenda, boti ya kesho kurudi.

#21 kijana_wa_ole
Mie nauliza la ujinga. Haidroliki si ndiyo yenye nguvu zaidi? Kwa hiyo angechukua hata ndogo.

#22 waya_mwekundu
Hapana. Paundi 9,500 ni paundi 9,500, iwe oili iwe umeme. Tofauti ni muda inaoweza kushikilia na chanzo cha nguvu. Na namba hiyo ya kwenye kibandiko ni ya safu ya kwanza ya waya kwenye ngoma, yaani pipa linalokunja waya, waya ukiwa karibu wote umetoka. Ukiwa umeukunja wote na unavutia kwenye mti ulio mita tano mbele, uko safu ya nne, umepoteza robo mpaka theluthi ya nguvu. Kwa zote mbili.

Halafu kipimo cha kununua ni mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakia. Land Cruiser yenye magunia inafika tani 3 na zaidi. Mara moja na nusu yake ni kama paundi 10,000 na zaidi, siyo 9,500.

#23 nahodha_wesha
Hapo ndipo kapi inapoingia. Sisi wa mashua hatuinui foromali, ule mti wa tanga, kwa mikono mitupu, tunapitisha kamba kwenye kapi. Funga kapi kwenye mwembe, rudisha kulabu kwenye gari lako. Nguvu karibu mara mbili, mwendo nusu, na unatoa waya mrefu zaidi kwa hiyo unashuka safu za ngoma. Amperi nazo zinapungua karibu nusu. Karafuu_kavu, wewe unavuta na kapi au mkono mmoja?

#24 karafuu_kavu
Mkono mmoja. Kapi sina. Na miti yangu mara nyingi iko karibu, mita sita, saba.

#25 maweni_4x4
Ugonjwa wa nne huo: safu ya juu ya ngoma, waya mmoja, gari limepakia magunia, tope limenyonya magurudumu mpaka kwenye ekseli. Winchi yoyote ingelia hapo.

#26 bi_mtambile
Mita sita saba ni mikarafuu hiyo, naijua. Mwembe hauko karibu namna hiyo.

#27 karafuu_kavu
Bi Mtambile ni mikarafuu ya baba yangu mwenyewe, na nafunga na gunia na mbao. Lakini nimekusikia, mkanda nitanunua.

#28 bi_mtambile
Ahsante mwanangu. Mbao zisimame wima kuzunguka shina, mkanda juu yake, chini kabisa karibu na mizizi. Usifunge juu.

#29 ngombe_wa_micheweni
Bado naambiwa ng'ombe hawafai. Ng'ombe hawafungwi kwenye mkarafuu wa mtu.

#30 mzee_wa_109
#29 hapo umeshinda.

#31 mkaa_na_chumvi
Naona hakuna aliyegusa waya. Waya wa chuma wa pwani unaota kutu kwa ndani, nje unang'aa. Nyuzi moja moja zinakatika na zinachoma kiganja, usiguse bila glavu ya ngozi. Na ukikatika ukiwa umekaza unaruka kama fimbo. Weka gunia lenye mchanga katikati ya waya kila unapovuta, na watoto wasimame mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Mabondeni huko watoto wote wa kijiji wanakuja kutazama gari lililokwama, nimeona nikaogopa.

Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairuki vile, lakini mawe ya maweni yanaikata na jua linaila. Na winchi nyingi za umeme breki yake iko ndani ya ngoma. Ukiteremsha gari kilimani kwa winchi, ngoma inapata moto mpaka kamba inayeyuka kwa ndani. Chuma hakijali.

#32 waya_mwekundu
Mkaa umenikumbusha. Breki ya ngoma ikikwama nusu, winchi inavuta huku imejifunga breki. Inakula amperi nyingi, inachoka haraka, inapoa, inavuta tena. Karafuu_kavu, ikivuta bila mzigo, ngoma inapata moto?

#33 mashine_ya_boti
Ugonjwa wa tano. Tukifika kumi tuite daktari.

Karafuu_kavu, chukua kipima volti. Gari liwashwe, funga winchi kwenye kitu kigumu, vuta kwa mzigo kweli kweli. Mtu mmoja asome kwenye betri inayolisha winchi, mwengine kwenye vichwa vya mota yenyewe, wakati inavuta. Betri ikishuka chini ya 10, mgonjwa ni betri. Betri ikiwa nzuri na mota inapata kidogo, mgonjwa yuko njiani: waya, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri), rilei. Zote mbili zikiwa nzuri na bado inachechemea, ni mota, breki, au mzigo umezidi. Asubuhi betri imelala unasoma 12.4, hiyo haisemi kitu.

#34 karafuu_kavu
Nimepima leo na shemeji yangu, tumefunga kwenye mwembe (Bi Mtambile usihofu), breki za gari tumekanyaga. Wakati inavuta betri 11.1, kwenye vichwa vya mota 8.6. Maji ya betri ya kulia yalikuwa chini, waya_mwekundu ulisema. Ngoma bila mzigo haikupata moto.

#35 maweni_4x4
Volti mbili na nusu zimepotea njiani! Rilei na ethi. Nilisema tangu #4. Safisha vichwa kwa msasa, badilisha waya wa ethi uende moja kwa moja kwenye betri usipitie kwenye bodi, paka grisi, zungushia mpira. Na ukitoka pwani mwagia maji baridi, yasiyo ya chumvi, kikasha na mota siku ile ile.

#36 waya_mwekundu
Waya ni sehemu ya kisa, siyo kisa chote. Maji ya betri yamepungua kwa sababu ya kuunganisha 12 kwenye 24. Akisafisha leo, miezi sita betri ya kushoto imekufa na mnarudi hapa.

#37 fundi_wa_saateni
Na mmepima kwenye ardhi kavu, winchi baridi. Masika ilikuwa inakufa ikiwa imeshavuta. Mota ya moto ina habari nyengine. Lete vipimo baada ya robo saa ya kuvuta, ndipo tuzungumze. Na waya mpya, rilei mpya, mota ya 24, kapi, mkanda: jumlisha, uone umekaribia bei ya haidroliki.

#38 mashine_ya_boti
Haidroliki ipi fundi, ya stelingi au ya pampu yake?

#39 fundi_wa_saateni
Ya pampu yake. Kwa mtu wa karafuu, ya pampu yake. Nakubali ya stelingi ni ya wenye subira.

#40 nahodha_wesha
Na akishuka Tumbe na barafu?

#41 fundi_wa_saateni
Aangalie mwezi, kama alivyosema mzee.

#42 kijana_wa_ole
Mzee wa 109, ile winchi ya shafti unaiuza? Kuna mtu Kengeja anatafuta gia zake.

#43 mzee_wa_109
Haiuzwi. Mwambie aje aione, nina pini za akiba nitampa mbili.

#44 karafuu_kavu
Jumamosi nasafisha vichwa na kuweka ethi mpya, halafu navuta robo saa kama alivyotaka fundi na kupima tena ikiwa moto. Kapi nimeagiza Unguja. Mwenye mota ya 24 inayoingia kwenye winchi ya 9,500 aniandikie humu humu.